Hesabuni Funguo, Msihesabu Makufuli

Wanangu, mtakapoajiriwa kwenye taasisi ambayo mifumo yake imeshahamia kwenye wingu, msianze kwa kuuliza wana faiawoli ya aina gani. Ulizeni hivi: ufunguo wa msimamizi mmoja ukiibwa usiku wa leo, kesho asubuhi kitabaki nini? Mkijibiwa kwa orodha ya vifaa vilivyonunuliwa, rudieni swali. Mkijibiwa kwa kimya, basi kazi yenu mmeshaiona.

Kampuni iitwayo Code Spaces ililijibu swali hilo Juni 2014, tena bila kupenda. Ilikuwa ikiwahifadhia waandishi wa programu kazi zao, na ilijinadi kwamba ina nakala rudufu za kila kitu. Mtu mmoja akaingia kwenye paneli ya kuendeshea akaunti yao kwenye wingu la Amazon, akawaachia ujumbe wa kudai fedha. Walipoanza kubadilisha manenosiri ili wamtoe, wakakuta ameshajitengenezea akaunti za akiba. Alipoona wanamfuata, akaanza kufuta: seva, diski, nakala za diski, ghala za mafaili. Ndani ya saa 12 hivi sehemu kubwa ya data na nakala rudufu zake ilikuwa imepotea, na kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea na biashara. Nakala rudufu zilikuwepo kweli, hawakudanganya. Ila zilikaa chini ya paneli ile ile, zikifunguliwa na ufunguo ule ule.

Hilo ndilo neno langu kwenu, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka. Matabaka ya ulinzi huhesabiwa kwa wingi wa funguo zisizofanana. Makufuli kumi ya ufunguo mmoja ni kufuli moja, hata kama kila kufuli lilinunuliwa kwa risiti yake.

Mtasikia sana habari za mtindo wa kutomwamini yeyote bila kumhakiki, ambao wauzaji huuita uaminifu sifuri. Msidhani ni jambo la jana. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambazo mpaka leo hazijapata mpinzani: kila ombi la kufikia kila kitu likaguliwe, kila mtu na kila programu ipewe mamlaka yanayoitosha kazi yake tu, na pale ambapo hakuna ruhusa iliyoandikwa, jibu liwe hapana. John Kindervag, alipokuwa kampuni ya utafiti ya Forrester, alilieneza jina lenyewe mwaka 2010. Mwaka huo huo, mwezi Januari, Google ilitangaza kwamba imedukuliwa, na baada ya hapo ikajenga utaratibu iliouita BeyondCorp, ambamo kukaa ofisini na kuunganishwa na mtandao wa ofisi hakumpi mfanyakazi ruhusa yoyote ya ziada. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa waraka wake Agosti 2020, na Mei 2021 Rais Biden akaziagiza idara za serikali kuu zipange namna ya kuhamia huko. Kutoka kanuni hadi waraka ni miaka 45. Waraka huo wa NIST unalieleza jambo hili kama mkusanyiko wa kanuni za kusanifu mifumo. Kwa hiyo anayewaambia anawauzia uaminifu sifuri ndani ya boksi, mpeni chai, mshukuruni, mumsindikize mpaka nje.

Sasa niwape kisa ambacho ningependa mkijue kwa undani kuliko vingine, maana nyaraka za mahakama ziko wazi na kila tabaka linaonekana lilipopasukia.

Capital One ni benki kubwa ya Marekani, na katika benki kubwa ilikuwa ya mstari wa mbele kuhamia kwenye wingu la Amazon. Haikuwa ya kizembe. Ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na faiawoli, na data yake ilikuwa imesimbwa. Machi 2019 mhandisi mmoja aliyewahi kufanya kazi Amazon akagundua faiawoli ya benki hiyo iliyopangwa vibaya. Faiawoli hiyo ilikubali kutumwa: ukiiomba ikakuulizie kitu mahali fulani, inakwenda kuuliza kwa niaba yako na kukuletea jibu. Kwenye wingu la Amazon kuna anwani ya ndani, 169.254.169.254, ambayo seva ikiiuliza hujibiwa: wewe ni fulani, na hizi hapa funguo zako za muda. Mtu aliye nje hawezi kuifikia anwani hiyo. Faiawoli inaweza. Akaituma, ikarudi na funguo.

Kwa mujibu wa mashtaka, amri zilikuwa tatu tu. Ya kwanza ilileta funguo za faiawoli. Ya pili ilizitumia funguo hizo kuorodhesha ghala za mafaili za benki, na zikatokea zaidi ya 700. Ya tatu ilianza kunakili. Zilichukuliwa taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada, wengi wao waombaji wa kadi za mkopo tangu mwaka 2005. Benki haikugundua chochote mpaka tarehe 17 Julai, pale mtu baki alipoiandikia barua pepe kwamba ameona vitu vya benki hiyo vimewekwa hadharani kwenye tovuti ya GitHub. Miezi minne hiyo. Mwaka 2020 msimamizi wa mabenki akaitoza faini ya dola milioni 80.

Wengi husimulia kisa hiki wakaishia kwenye faiawoli iliyopangwa vibaya. Mimi faiawoli inanisumbua kidogo sana. Mpangilio mbaya utatokea kwenu pia, mpende msipende, kwa sababu mipangilio ni maelfu na nyinyi ni wachache. Kinachonisumbua ni kile kilichofuata baada ya hapo. Kwa nini utambulisho wa faiawoli uliruhusiwa kusoma maombi ya kadi za mkopo? Kazi yake ni kukagua maombi yanayoingia kutoka intaneti, basi. Ni sawa na askari wa geti kukabidhiwa ufunguo wa ghala kwa sababu tu yuko jirani nalo. Kuna mtu, siku moja, aliandika ruhusa pana ili kazi isikwame, akakusudia kuja kuipunguza baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Msimcheke. Ruhusa ya namna hiyo iko kwenye kila akaunti ya wingu niliyowahi kuonyeshwa.

Endeleeni kushuka. Funguo zilizotolewa kwa seva iliyo ndani zilitumika kutoka nje, kupitia njia za kuficha anwani, na hakuna sera iliyosema kwamba utambulisho huu hauwezi kuonekana nje ya mtandao wa benki. Sera ya namna hiyo ni mistari michache. Kisha faiawoli ikaomba kuorodheshewa ghala zaidi ya 700, jambo ambalo faiawoli haina sababu ya kulifanya hata mara moja maishani mwake, na hakuna aliyeitwa kuamka. Kumbukumbu za tukio zilikuwa zimeandikwa. Zilisomwa baada ya barua pepe kufika.

Na usimbaji? Hapo ndipo nawataka mtulie. Data ilikuwa imesimbwa, na benki yenyewe ikaeleza kwamba, kwa namna uvamizi ulivyofanyika, aliyeingia aliweza pia kuisimbua. Utambulisho uliopewa ruhusa ya kusoma ulikuwa umepewa na ruhusa ya kusimbua. Tabaka lililoonekana la pili kwenye mchoro lilikuwa lile la kwanza, limebadilishiwa jina tu. Lakini kulikuwa na tabaka jingine. Namba za hifadhi ya jamii na namba za akaunti, benki ilizoea kuzibadilisha na kuweka tokeni mahali pake, na njia ya kuzirudisha pamoja na funguo zake vilikuwa tofauti na vile vya usimbaji wa kawaida. Tokeni hizo hazikufunguka. Namba za hifadhi ya jamii zilizovuja Marekani zilikuwa kama 140,000, na zaidi ya asilimia 99 zikabaki salama. Katika kila kilichojengwa pale, kilichosimama ni kile ambacho ufunguo wake ulikuwa mwingine.

Baada ya hapo, Novemba 2019, Amazon ikaleta namna mpya ya ile anwani ya ndani, inayodai seva ijipatie kwanza tokeni kwa ombi la aina ambayo faiawoli iliyorubuniwa kwa kawaida haiwezi kulipeleka. Ni bure. Mkiingia kazini, angalieni kama imelazimishwa kwenye seva zenu zote, zikiwemo zile kongwe ambazo kila mtu anaogopa kuzigusa.

Kwa hiyo mtasanifu vipi? Anzeni na data, wala msianzie mtandao. Chukueni karatasi ya kawaida, mwandike ni kitu gani kikivuja au kikifutwa taasisi inaaibika au inakufa. Kwenye SACCOS ni daftari la akiba na mikopo, namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) za wanachama, na picha za vitambulisho ambazo mtu alizipakia mara moja tu na hakuna anayekumbuka ziko ghala gani. Kwenye hospitali ni mafaili ya wagonjwa. Mbele ya kila kitu andikeni nani anakigusa. Nawahakikishia orodha ya mashine itakuwa ndefu kuliko ya watu: programu ya simu, mfumo wa malipo, kazi ya usiku inayotoa ripoti, kile kiunganishi cha SMS, na programu iliyoandikwa na kijana ambaye sasa yuko kampuni nyingine. Taasisi nyingi huanza safari hii kwa kuwabana wafanyakazi manenosiri yao, wakati wengi wa wanaobisha hodi kwenye wingu si watu.

Kila mashine kwenye orodha hiyo iwe na utambulisho wake, isichangie na nyingine. Ipewe ruhusa ya kitendo kinachojulikana juu ya kitu kinachojulikana. Funguo zake ziwe za muda mfupi, zinazotolewa na wingu lenyewe na kuisha zenyewe, na kamwe zisiandikwe ndani ya programu wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la mradi. Najua mnafanya. Mimi nami niko kwenye makundi hayo, nayaona.

Upande wa watu kuna mambo mawili ya kwetu hapa. La kwanza ni namba ya siri inayotumwa kwa SMS. Ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini Afrika Mashariki nzima inajua habari za mtu kubadilishiwa laini, na inajua jinsi watu wanavyosomewa namba hizo kwenye simu na tapeli mwenye sauti ya upole. Tovuti ya kughushi nayo huomba namba hiyo, ikaipeleka tovuti halisi papo hapo kabla haijaisha muda. Ufunguo wa kiusalama, ama ule wa kuchomeka ama ule unaokaa ndani ya simu, umefungamanishwa na anwani ya tovuti uliposajiliwa. Ukiwa kwenye tovuti ya kughushi hautoi jibu, hata mwenye ufunguo akiwa amedanganyika kabisa. Huo ndio uzuri wake: haumtegemei mtu kuwa macho saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Kama fedha haitoshi kuwanunulia wote, nunueni kwanza kwa wasimamizi, wahasibu na wenye kuidhinisha malipo.

La pili, msitegemee kitufe cha kubonyeza "kubali" peke yake. Septemba 2022 Uber iliingiliwa kupitia akaunti ya mkandarasi: mdukuzi alikuwa na nenosiri, akajaribu kuingia tena na tena, simu ya mkandarasi ikawa inaomba kibali tena na tena, mwisho akakubali mara moja. Mara moja inatosha.

Kifaa nacho kihakikiwe, si mtu peke yake. Mwaka 2024 wateja wa kampuni ya data ya Snowflake waliibiwa, na kampuni ya Mandiant iliyochunguza ikasema taasisi kama 165 zilitaarifiwa kwamba huenda zimeguswa. Snowflake yenyewe haikuvunjwa. Wezi walikuwa na manenosiri yaliyonaswa na programu za wizi kwenye kompyuta za watu, mengine tangu mwaka 2020 na hayakubadilishwa, na akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili. Baadhi ya kompyuta hizo zilikuwa za wakandarasi, nazo zilitumika pia kuchezea michezo na kupakua programu zisizo na leseni. Hapo sitasema zaidi. Mnajua kompyuta mpakato zenu zina nini, na mnajua fundi aliyeziwekea programu za Office alikuwa na flashi ya rangi gani. Kompyuta inayogusa data ya wanachama iwe ya taasisi, isasishwe, diski yake isimbwe, na mfumo wa kuingilia uikatae pale ambapo haijatimiza hayo, hata kama anayeingia ni mtu halali mwenye ufunguo halali.

Mtandao nitaupita haraka. Tenganisheni sehemu zake, seva ya malipo isiweze kuzungumza na isiyo na shughuli nayo, msiache mlango wa hifadhidata wazi kwa intaneti, na msidhani VPN ni cheti cha uadilifu. Mwaka 2021 bomba la mafuta la Colonial huko Marekani lilisimama kwa sababu ya akaunti moja ya zamani ya VPN isiyo na hatua ya pili. Inatosha.

Nirudi kwenye funguo, maana hapa ndipo wasanifu wengi hujidanganya. Kwenye wingu ni rahisi mno kuweka kila kitu ndani ya akaunti moja: seva, data, funguo za usimbaji, kumbukumbu za matukio na nakala rudufu. Mchoro unapendeza, una masanduku mengi na mishale. Halafu msimamizi mmoja anayaweza yote. Tengeni. Kumbukumbu za matukio ziende akaunti nyingine, ambayo msimamizi wa kila siku anaweza kuziandika lakini hawezi kuzifuta. Nakala rudufu ziende akaunti ya tatu, kwenye hifadhi inayokataa kufutwa mpaka tarehe iliyopangwa ifike, akataliwe hata mwenye akaunti. Anayetoa ruhusa ya kusimbua asiwe yule yule anayeendesha seva. Ufunguo mkuu wa akaunti yote usitumike kwa kazi yoyote ya kawaida, nenosiri lake likae kwa mtu mmoja na kifaa chake cha pili kikae kwa mwingine, tena wasiwe mume na mke wala watu wanaosafiri pamoja. Katika ofisi ya watu wanne haya yote yanawezekana. Akaunti za ziada kwa watoa huduma wakubwa hazilipiwi. Mnacholipia ni kile mnachoweka ndani.

Mkifika hapo mtakutana na ugumu ambao haumo kwenye waraka wowote wa NIST. Mkurugenzi atataka ruhusa zote. Atasema taasisi ni yake, na pengine ni yake kweli. Sisi tumelelewa kuamkia wakubwa na kutowajibu, na ni malezi mema, lakini heshima si utumwa. Mwambieni ukweli ulio wa faida kwake: akaunti yake ndiyo ya kwanza kuwindwa, na asipokuwa na uwezo wa kufuta daftari la mikopo, hata akidukuliwa hakuna atakayemshuku kuwa yeye ndiye aliyelifuta. Nimeona wakubwa wakikubali hoja hiyo wakati walishakataa hoja nyingine zote. Na nyinyi wenyewe muwe wa kwanza kuvuliwa. Afisa TEHAMA anayedai kila mtu apunguziwe ruhusa huku yeye ameshika zake zote saa 24 hana la kumwambia mtu. Mamlaka makubwa yaombwe kwa kazi fulani, yaidhinishwe na mwenzako, yaandikwe, yaishe baada ya saa moja au mbili.

Tena wapeni kinga vijana wa dawati la msaada. Septemba 2023 kampuni ya hoteli na kamari ya MGM huko Marekani iliangushwa, na inaelezwa kwamba wavamizi walianza kwa kupiga simu dawati la msaada wakijifanya mfanyakazi. Hasara iliyotajwa na kampuni ilikuwa kama dola milioni 100. Sasa fikirieni dawati la kwetu. Simu inalia, upande wa pili kuna sauti nzito: "Wewe kijana, mimi ni fulani, niko kwenye kikao na Katibu Mkuu, nibadilishie nenosiri sasa hivi." Kijana wa miaka 23 atafanya nini? Msimwachie aamue kwa ujasiri wake. Mwandikieni utaratibu uliosainiwa na mkurugenzi mwenyewe: hakuna anayebadilishiwa kwa simu, awe nani, tutakupigia kwa namba iliyo kwenye kumbukumbu za utumishi, au utakuja, au msimamizi wako atathibitisha. Kijana akisema "samahani mzee, utaratibu hauniruhusu," awe anasoma maneno ya mkurugenzi. Na siku akimfungia mlango mkurugenzi halisi, mkurugenzi amsifu mbele ya watu. Hilo lipangeni mapema na mkurugenzi, msisubiri litokee.

Kuna upande wa kukatika pia, ambao vitabu vya ughaibuni huuchukulia kama jambo la nadra. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kusini zaidi ya pwani yetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia sana. Taasisi iliyofuata kanuni barabara, ambayo kila ombi linahakikiwa na mtoa huduma wa utambulisho aliye ng'ambo, siku hiyo huwa imejifungia nje. Mfumo ukikosa jibu ukakataa, umefanya sawa. Lakini mwanachama anayetaka fedha ya hospitali hataki kusikia habari za waya. Amueni mapema, kwa maandishi, ni huduma zipi zitaendelea bila uhakiki kamili, kwa kiwango gani cha fedha, kwa saa ngapi, na nani atayapitia malipo hayo mtandao ukirudi. Wekeni akaunti mbili za dharura zisizomtegemea mtoa huduma huyo wa utambulisho, funguo zake ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu, na kengele inayolia kwa watu watatu mara tu mojawapo itakapotumika. Anayezuia mambo haya kwa kusema yanaharibu usafi wa usanifu hajawahi kukaa dirishani akimtazama mteja.

Sheria nayo imeshafika, msiichukulie kama karatasi ya wanasheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji wenye madhara kwa wahusika. Yetu hapa Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, jambo linalowahusu moja kwa moja kama seva zenu ziko Cape Town au Ireland. Saa 72 ni chache sana kama hamjui ni ghala lipi lilikuwa na nini. Ile karatasi ya mwanzo ndiyo itakayowaokoa hapo.

Msijaribu kuyafanya yote kwa mwezi mmoja. Mtachoka, na watu watawachukia. Mwezi wa kwanza karatasi, funguo za wasimamizi, na akaunti za walioacha kazi, ambazo mtazikuta nyingi. Kisha nakala rudufu zihamie akaunti yake. Mashine zifuate moja moja, mkianza na ile inayogusa data nzito kuliko nyingine, na mkipunguza ruhusa mziache zikae wiki kabla ya kugusa inayofuata, ili kitu kikivunjika mjue kilivunjwa na nini. Dawati la msaada linaweza kuanza kesho, halihitaji bajeti.

Na kabla ya mwaka kuisha chagueni Jumamosi moja, mkae mkijifanya akaunti kuu imeibwa, mrudishe daftari la mikopo kutoka kwenye akaunti ya nakala rudufu kwa kutumia funguo za bahasha peke yake. Mwiteni mhasibu awepo, mmlipe posho ya siku. Nyinyi mtaona hifadhidata imefunguka mkapigiana makofi. Yeye ndiye atakayefungua jina la mwanachama mmoja, akatazama salio, akawaambia kama ni la Ijumaa au la mwezi uliopita.